Aliyefika wa Kwanza

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa zahanati. Mvua imewazuia wagonjwa wa mchana, nami nimejiibia nafasi kidogo kabla haijakatika. Sisi ni wazima. Mama macho yanamsumbua, lakini mdomo haujambo. Juzi kagombana na fundi bomba mpaka kijana wa watu kaondoka akasahau spana zake jikoni. Mwanangu mkubwa ameanza sekondari na amerefuka kwa fujo, suruali za mwaka jana zimegeuka kaptura. Mdogo kang'oka meno ya mbele, basi kila neno lake linatoka na mluzi.

Sasa jambo lenyewe. Nimejiunga na chama chenu. Ule utaratibu wenu wa ajabu niliujua kwa kusikia tu: kwamba hakuna mwenyekiti wa kudumu, anayefika wa kwanza ndiye anayeongoza siku hiyo, na kazi yoyote itakayozuka ni yake. Mkutano wangu wa kwanza nikaenda mapema, kama mtu aliyelelewa. Nikakuta hakuna mtu. Nikakaa kibarazani. Kumbe wenzangu wa rika langu wamejibanza kwa mshonaji ng'ambo ya barabara, wananichungulia nyuma ya pazia, wanasubiri nikae! Walipotoka walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. "Karibu, mwenyekiti! Umelala hapa?"

Nami nikacheka. Lakini mkunga, yule bibi aliyenizalisha, aliingia nyuma yao, na alipoelewa kilichotokea alibadilika uso. Akagonga meza. "Mchezo huo hatuchezi hapa. Nani kawafundisha kuchelewa makusudi?" Wakaanza kupanga viti. Mpaka leo sijui alikasirishwa na nini.

Basi kazi iliyozuka siku hiyo ni hii: paa jipya la ukumbi linakamilika, Oktoba tutafanya ufunguzi, na historia ya chama inatakiwa iandikwe isomwe mbele ya watu. Nimeibeba mimi. Nisaidie, Shangazi. Mlianzaje? Na ule mwaka ukumbi ulipofungwa kwa kufuli kulikuwa na nini? Nikifika hapo kina mama wote wanakumbuka sufuria walizoacha motoni.

Wako akupendaye,
binti wa kaka yako

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na mara ya pili marahaba. Najua nyumbani kwenu mnaona kuandika barua ni ukaidi wa uzee, lakini sikio langu la kulia limestaafu, na kwenye simu kila mtu hunijibu swali ambalo sikumuuliza. Karatasi inanisikia.

Mimi sijambo. Magoti yananitabiria mvua, na hayajawahi kukosea. Maktaba ya shule waliniaga kwa hotuba na keki, nami Jumatatu yake nikarudi kazini kana kwamba sikusikia. Wiki hii ninatibu kamusi iliyovunjika mgongo. Naishona kwa uzi wa nta, naipaka gundi, naibana katikati ya mbao mpaka kesho. Mwambie mwanao mdogo, huyo wa mluzi, asiwe na haraka ya meno. Mimi ningeyataka yangu yarudi hata kwa mluzi.

Mwanzo wa chama ni foleni. Mtaa mzima ulikuwa na bomba moja, nyuma ya soko, na tulipanga ndoo kabla hakujapambazuka. Siku moja maji yakatoka rangi ya chai, na yakaendelea hivyo. Tukasema twende ofisi ya mji tukawaonyeshe. Tulikwenda na ndoo zetu kichwani, tukitembea kwa mpangilio ule ule wa foleni, maana hakuna aliyekubali kupoteza nafasi yake. Karani kijana akatoka na kalamu sikioni.

"Kiongozi wenu nani?"

Tukatazamana. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Muuza mkaa, aliyekuwa mbele, akasema, "Mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni."

Karani akaandika: kiongozi. Ndivyo utaratibu ulivyozaliwa. Tuliona una haki: haukuuliza nani amesoma, nani mke wa nani, nani ana sauti. Uliuliza nani ameamka. Karani yule baadaye alinioa. Hilo unaweza kuliandika. Amekwisha kuzikwa, hataona haya.

Tulipata bomba la pili. Kisha taa ya njia panda, pale wajawazito walipokuwa wakijikwaa wakienda kwa mkunga. Kisha chumba cha kuwaachia watoto wachanga wa wauza mboga, na humo ndimo ulimojifunza kutambaa. Mwisho tukajenga ukumbi. Matofali yalipangwa na mama yako, aliyekuwa na jicho la timazi. Fundi alikuwa anaweka uzi wake, mama yako anatazama tu, anasema, "Umepinda," na kweli umepinda. Mimi na huyo huyo wifi yangu tulibeba maji ya udongo kwa mti mmoja begani, yeye mbele mimi nyuma, na kwa sababu yeye ni mfupi maji yote yalimmwagikia yeye. Alinitukana kwa raha siku nzima.

Huo mwaka wa kufuli waulize waliobaki. Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka.

Nijibu kitu kimoja kwanza. Jina langu likitajwa ukumbini, wanasemaje?

Shangazi yako

19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hadithi ya karani nimeisoma mezani tukila, mkubwa wangu akatema chai. Anasema hajawahi kusikia mtu aliyeoa foleni. Huku hatuna jipya baya. Nimehamishiwa chumba cha chanjo, kwa hiyo watoto wote wa mtaa sasa wananichukia. Mama anapelekwa kliniki ya macho mwezi ujao, anasema haendi, ataenda.

Nimezunguka kwa wazee. Mkunga kanieleza bomba, taa, chumba cha watoto, kanipa mpaka rangi ya milango. Nikauliza mwaka wa kufuli, akasema nimpimie presha. Redio, yule mama anayetangaza habari hata kabla hazijatokea, yeye ndiye nilimtegemea. Kafungua mdomo, kaufunga, kasema, "Mwanangu, kuna vitu hata mimi sivisemi." Nilitamani nimpime joto.

Mama nilipomuuliza alisimama akaenda kuanua nguo. Hatukuwa tumeanika nguo.

Swali lako sijalisahau. Nitalijibu nikiwa na jibu. Ila nasema hivi: njoo Oktoba. Njoo usome hiyo historia mwenyewe, mimi nikushikie miwani. Hata baba alipozikwa hatukukuona, kwa sababu barua yetu ilikufikia matanga yamekwisha. Mama anasema nikuandikie kwamba anakusalimu. Nikamwambia sema na kingine. Kafikiri sana. Kasema, "Muulize, anakula vizuri?"

Wako,
muuguzi wa familia

30 Aprili

Mwanangu,

Nakula vizuri. Mwambie hivyo wifi yangu. Na umwambie kliniki ya macho haiumi.

Nimechelewa kukujibu si kwa ugonjwa. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Hukujibu swali langu, na mtu anayeacha swali anakuwa ameona kitu. Basi mimi nitakueleza ninachokijua, ili ukiwauliza wasikuzungushe.

Ofisi ya mji ilikuwa na mkuu mpya, mkali, aliyetaka kiwanja cha ukumbi wetu aegeshe magari. Tulikubaliana twende tukaseme hapana. Kwa utaratibu wetu, atakayefika wa kwanza mlangoni kwake ndiye atakayesema. Nilifika wa kwanza. Wengine walichelewa, na yule bwana hakuwa mtu wa kusubiri. Akaniita ndani peke yangu. Nikasema yote tuliyokubaliana, neno kwa neno, nimesimama, maana hakunipa kiti. Wenzangu walipofika, mimi nilikuwa natoka na mlango unafungwa nyuma yangu.

Wiki ile ile ukumbi ukapigwa kufuli. Wiki ile ile mume wangu akapewa barua ya uhamisho kwenda mbali kabisa, aondoke mara moja, na lori la ofisi likaja kutubeba. Lori la ofisi, mwanangu, lenye nembo ubavuni. Fikiria lilivyoonekana. Mwanamke kaingia peke yake kwa mkuu, hakuna aliyesikia alichosema, ukumbi umefungwa, na yeye huyo anaondoka na samani zake juu ya gari la wale wale, mume wake ana kituo kipya.

Tulipita karibu na bomba. Walikuwa wote wamesimama pale na ndoo. Nikainua mkono. Wakanigeuzia migongo, mmoja baada ya mwingine. Na mama yako.

Baada ya hapo tulihamishwa tena na tena, mpaka siku moja tukavuka mpaka tukiwa na masanduku tu, na huku ndiko nilikozeeka. Nilisikia miaka mingi baadaye kwamba ukumbi ulifunguliwa. Nilifurahi, nikalia, sikuandika. Ningemwandikia nani? Mtu anayesema "mimi sikuwauza" huwa tayari ameshitakiwa.

Ninachotaka kujua ni hicho tu. Waliamini kwamba niliwauza? Kama ndiyo, nitakufa nikiwa nimejua, na historia yako uiandike bila mimi, itasimama tu. Lakini siwezi kuja Oktoba nikae kwenye kiti huku watu wananong'ona. Waulize, na ulichoambiwa usikitie sukari.

Shangazi yako

20 Juni

Mwanangu,

Natumaini wote ni wazima, na mama yako alikwenda kliniki. Huku baridi imeanza na nimeshona jalada jipya la atlasi kubwa ya shule.

Posta ya kwenu huwa haichukui muda hivi. Naona kimya chako ndicho jibu. Sikulaumu, kazi niliyokupa ilikuwa ngumu. Tuendelee kuandikiana habari za watoto.

Shangazi yako

11 Julai

Shangazi, Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe kabla hujasoma mstari mwingine. Kimya changu hakikuwa jibu. Niliahidi kukaa kimya na nilikaribia kupasuka. Utaona.

Barua yako ya Aprili nilimsomea mama jikoni, kwa sababu macho yake (amekwenda kliniki, amepewa dawa ya matone, anawafundisha wauguzi namna ya kuitia) hayasomi maandishi madogo. Nilipofika pale walipokugeuzia migongo, aliweka kisu chini. Akasema, "Usimjibu. Usimjibu mpaka tukae wote. Si langu peke yangu." Nikauliza nini si lako? Akasema, "Niahidi." Na mkunga alikuwa amekwenda kwa binti yake aliyejifungua, kumlea mzazi, hakuna aliyejua atarudi lini. Barua yako ya Juni ilipofika nilimwendea mama nikamwambia nitavunja ahadi. Mkunga akarudi kesho yake, asante Mungu.

Tulikaa ukumbini, chini ya paa jipya, wale wa zamani wote waliobaki, na mimi. Nikasoma barua yako kwa sauti. 

Mkunga akasema, "Soma tena hapo pa kuwauza."

Nikasoma tena.

"Nani kasema alituuza? Nani?" Akawageukia wenzake kama anatafuta mwizi. "Redio, ulisema wewe?"

"Mimi?" Redio akashika kifua. "Mimi nimesema kila kitu mtaa huu, hilo sijapata kulisema. Wala kulisikia. Na lingekuwepo, ningelisikia wa kwanza!"

Wakacheka, lakini cheko likafa katikati. Ndipo mama akasema, akiangalia mikono yake, "Nilikata kamba ya kandambili."

Nikadhani macho yamempanda kichwani. "Kandambili gani, mama?"

"Siku ile. Nilikuwa naongozana naye kwenda ofisini. Tulipofika kona ya soko nikainama, nikaikata kamba kwa kucha na meno, nikamwambia, wifi, tangulia, nitakukuta. Ilikuwa kandambili nzima."

Mkunga akasema, "Mimi nilisingizia nimeitwa kwa mzazi. Hakukuwa na mzazi."

"Mimi nilijificha kwenye banda la mkaa," akasema Redio. "Nilitoka mweusi, nikaulizwa nyumbani."

Mmoja mmoja, Shangazi, wakasema kila mtu alichelewa kwa njia gani. Siku moja kabla walikuwa wamekubaliana bombani, wewe hupo. Walimwogopa yule mkuu. Walisema: mume wake ni karani pale pale, yeye hawatamgusa, na sisi tutasikilizwa. Basi tuchelewe, afike wa kwanza. Walitumia utaratibu wetu wenyewe kukusukuma mbele bila kukuuliza. Na mume wako ndiye aliyepigwa. Walipoliona lile lori walijua ni wao waliolipakia.

"Aliinua mkono," mama akasema. "Ningemtazamaje? Niligeuka nilie asinione."

"Tukamwandikie nini?" mkunga akasema. "Kwamba tumekuhamisha nchi, hujambo? Tulijua ametukasirikia. Tulimwacha akasirike, ilikuwa haki yake."

Kwa hiyo mchezo ule wa kujibanza kwa mshonaji ndio uliomfanya mkunga agonge meza. Jina lako, nimejibiwa sasa, hawalitaji kwa sababu likitajwa wao ndio wanaotaka kuingia chini ya meza.

Wameniambia niandike yote kwenye historia, na majina ya waliochelewa yawe mwanzoni. Lakini wamesema wewe ndiye wa kuamua kama litasomwa. Mama anauliza je, umewakasirikia? Na kama umewakasirikia, unaweza kuja hivyo hivyo umekasirika?

Usichelewe kunijibu. Mama analala saa moja ya jioni ili siku ziende.

Binti yako

2 Agosti

Mwanangu, na wewe wifi yangu, maana najua unasomewa,

Marahaba. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa jana. Barua yenu niliifungua nimesimama mlangoni, nikaisoma, nikakaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu mpaka jirani akatoka na mwiko kuuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia nimeachiliwa. Akaniuliza kwani nilikuwa wapi.

Sikilizeni, wajinga wangu. Wifi, ile kandambili ilipokatika nilimshukuru Mungu. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikitafuta namna ya kukuacha nyuma! Ulikuwa unatembea haraka siku ile, nikaogopa utanitangulia. Nilitaka kufika wa kwanza. Nilikuwa nimetaka tangu tulipoambiwa habari ya kiwanja. Maneno nilikuwa nimeyakariri nikikoroga uji, nikifua, nikimwogesha mtoto wa jirani. Hata mngekuja mbio wote na mkunga akipanda baiskeli, msingenipata. Banda la mkaa, Redio, uliingia bure.

Na mume wangu msimlilie kwa hilo. Alijua. Gauni nililovaa alilipiga pasi yeye, kwa sababu nilikuwa bado nakariri maneno yangu na alisema nitalichoma. Akaniambia, "Wataninyang'anya meza. Meza ziko nyingi. Nenda, na usiongee haraka." Alipopewa barua ya uhamisho alikuja nayo nyumbani akaiweka juu ya sahani yangu, akasema, "Naona uliongea polepole." Tulicheka. Huko tulikopelekwa alifundisha watoto hesabu, na nafikiri alipenda kazi hiyo kuliko ya kalamu sikioni. Yaliyofuata yalikuwa magumu, sitasema hayakuwa. Lakini hayakuwa yenu. Nchi ilichafuka, wakaumia watu wengi ambao hawakupata kusimama kwenye foleni yetu.

Nimefikiri jinsi tulivyokaa, ninyi kule mkinihurumia kwa hasira ambayo sikuwa nayo, mimi huku nikijitetea kwa shitaka ambalo hakuna aliyelileta. Ningeweza kuhuzunika, na pengine nitahuzunika siku nyingine, nikipata nafasi. Leo siwezi. Leo nimekula sahani mbili.

Kuhusu historia, mwanangu, andika kama walivyosema: walichelewa makusudi, kwa sababu waliogopa, na aliyeogopa hana haja ya kufichwa. Kisha andika na langu: kwamba aliyefika wa kwanza alifika kwa mapenzi yake. Visomwe pamoja. Kimoja bila kingine ni uongo.

Kamusi na atlasi nimezikabidhi kwa mwalimu wa sanaa, ana mikono mitulivu. Tiketi nimekata leo asubuhi. Nitafika wiki ya ufunguzi, mchana, kwa basi la mpakani. Msije stendi mtaa mzima. Magoti yangu hayawezi kukumbatiwa na umati. Aje mmoja.

Wifi, aje yule wa matone ya macho, yaani wewe. Usinitandikie chumba cha wageni. Tia godoro langu chumbani kwako, chini ya dirisha, na uniwekee kiti karibu na kitanda chako, upande wa sikio langu la kushoto.

Wenu,
Shangazi